Baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: uendelee na mashine ya CPAP, uibadilishe au uiache?

Miezi michache baada ya kupunguzwa mfuko wa tumbo au kufanyiwa baipasi (chakula kuelekezwa kipite kando ya sehemu kubwa ya tumbo), wagonjwa wengi wa apnia ya usingizi, yaani pumzi kukatikakatika mtu akiwa amelala, huanza kuuliza jambo moja: hii mashine ya CPAP, inayonisukumia hewa usiku, bado ninaihitaji? Kilo zimeshuka, usingizi umekuwa mtamu, na mwenzako chumbani anasema siku hizi hukoromi. Barakoa nayo imeanza kukera, inavuja hewa pembeni na kupiga miluzi usiku. Kuna wanaoiweka kabatini siku hiyohiyo. Wengine hawathubutu kuigusa, wakaendelea na mashine iliyowekwa kwa mwili waliokuwa nao zamani.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya aliye kati ya makundi hayo mawili. Njia ziko nne: kuendelea na mashine kama ilivyo, kuhamia presha inayojirekebisha, kutumia kifaa cha mdomoni pamoja na kulala ubavu, au kuacha kabisa. Kila moja ina mtu wake.

Uzito unaondoka na nini, na unaacha nini

Katika apnia ya kuziba, misuli ya koo hulegea mtu anapolala na njia ya hewa hujifunga, kama mrija wa karatasi uliolowa unapovutwa kwa nguvu. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, hilo ni tukio moja. Idadi ya matukio hayo kwa saa, pamoja na yale ambayo pumzi haikatiki kabisa ila inafifia, ndiyo AHI. Chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ni kiwango kidogo, 15 hadi 30 ni cha kati, na kuanzia 30 ni kikali. CPAP, aliyoibuni daktari Colin Sullivan kule Sydney na kuichapisha mwaka 1981, husukuma hewa puani ili koo libaki wazi. Haitibu chanzo. Inafanya kazi usiku ule unaoivaa tu.

Unene huziba koo kwa njia kadhaa: mafuta ya shingoni, tumbo linalosukuma juu kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) ukilala chali, na mafuta yaliyo ndani ya ulimi wenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipima jambo hili la mwisho kwa watu 67 waliopunguza takriban asilimia 10 ya uzito, na mwaka 2020 wakaeleza kwamba kupungua kwa mafuta ya ulimi ndiko kulikohusiana zaidi na nafuu ya apnia. Ndiyo maana upasuaji unasaidia kweli.

Ila koo halizibwi na mafuta peke yake. Taya dogo lililokaa nyuma halisogei kwa sababu umepungua kilo 40. Mafindofindo makubwa yanabaki palepale, na vivyo hivyo pua iliyopinda, umri unaosonga, na kukoma kwa hedhi kwa wanawake.

Tazama takwimu mbili zinazoonekana kupingana. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa kwenye jarida la tiba la JAMA mwaka 2004 ulisema apnia iliisha kwa asilimia 85.7 ya waliofanyiwa upasuaji wa uzito. Mwaka 2009 ukaja mwingine, wenye wagonjwa 342 kutoka tafiti 12, na huu ulichukua tu tafiti zilizowapima watu usingizini kabla na baada. Wastani wa AHI ulishuka kutoka 54.7 hadi 15.8. Hiyo ni nafuu kubwa mno, lakini 15.8 bado ni apnia ya kiwango cha kati. Ni kweli wagonjwa hao walianza wakiwa na unene uliopitiliza, na wengi wao bado walikuwa wanene baada ya kupungua. Hata hivyo, mzani ulionyesha ushindi wakati koo bado lilikuwa linaziba au kufinyika zaidi ya mara 15 kila saa. Kati ya kujisikia umepona na kupimwa ukakutwa umepona pana nafasi, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaipima kila njia kwa mambo manne: inalindaje pumzi, inaendaje na mwili unaobadilika kila mwezi, gharama pamoja na umeme na vipuri, na ufuatiliaji unaohitajika. Kisha nitasema inamfaa nani.

Jambo moja kabla ya kuanza. Kuna kosa ninaloliona mara kwa mara na linaniuma, kwa sababu linawapotosha watu makini kabisa. Asubuhi mtu anafungua skrini ya mashine, anasoma AHI 2, anafurahi: nimepona. Namba hiyo inaeleza jinsi ulivyolala ukiwa umevaa barakoa. Maana yake mashine inafanya kazi. Haisemi lolote kuhusu usiku ambao hukuivaa.

Njia ya kwanza: kuendelea na mashine kwa presha ileile

*Ulinzi wa pumzi.* Ndiyo njia yenye uhakika zaidi katika wiki za mwanzo. Dawa za usingizi wa upasuaji na zile kali za maumivu za jamii ya mofini hulegeza koo na kupunguza msukumo wa kupumua, wakati ambapo uzito bado haujashuka. Kwa hiyo mashine yako iende nawe hospitalini, na barakoa yako mwenyewe, ukavae hata usingizi wa mchana wodini. Wapo wanaoogopa kwamba hewa ya mashine itafumua mishono ya tumbo. Tafiti zilizowafuatilia wagonjwa wa aina hii hazikuonyesha kwamba CPAP inaongeza kuvuja kwa mishono.

*Mwili unaobadilika.* Hapa inaanza kuchoka. Presha iliyowekwa kwa shingo nene inakuwa kubwa kuliko haja. Dalili zake ni hewa kuingia tumboni, kuamka umejaa gesi na mbeuo, midomo kukauka, na kuvua barakoa usingizini bila kujua. Kwa mtu ambaye mfuko wake wa tumbo umebaki mdogo, tumbo kujaa hewa si jambo la kuvumilia. Uso nao unakonda, barakoa ya saizi kubwa inabaki inacheza mashavuni. Ukivuta mikanda ikaze, unaamka na alama nyekundu juu ya pua na bado inavuja. Mara nyingi dawa ni saizi ndogo ya barakoa, wala si mkanda mkali.

*Gharama na umeme.* Mashine tayari unayo, kwa hiyo gharama ni barakoa, bomba na vichujio. Umeme ukikatika, barakoa ina matundu ya kutolea hewa na kwa kawaida utaamka mwenyewe, ila sehemu ya usiku iliyobaki utalala bila kinga. Betri ya mashine au betri ya volti 12 yenye waya unaofaa husaidia. Ukizima kipasha joto cha maji, betri hukaa muda mrefu zaidi, na kwa hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja wengi hawakihitaji sana.

*Ufuatiliaji.* Kidogo mwanzoni, ila presha iangaliwe upya kadiri uzito unavyoshuka, hata kabla ya kupimwa rasmi.

*Inamfaa* aliye katika wiki za kwanza, aliyekuwa na apnia kali na uzito bado unashuka, na yule ambaye mashine haimsumbui kabisa.

Njia ya pili: presha inayojirekebisha yenyewe

Mashine hizi, maarufu kwa jina la oto au APAP, husikiliza pumzi kila mara na kupandisha au kushusha presha kati ya kiwango cha chini na cha juu kilichowekwa. Mashine nyingi hufanya kazi kati ya 4 na 20, kwa kipimo cha sentimita za maji.

*Ulinzi wa pumzi.* Kwa apnia ya kawaida ya kuziba, inalinda sawa na presha ya kudumu. Si ya kila mtu. Mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, ugonjwa mkubwa wa mapafu, apnia inayotokana na ubongo kutotuma amri ya kupumua, au aliyegundulika kupumua kwa udhaifu hata mchana kwa sababu ya unene, asihamie huku bila daktari wake wa mapafu. Wagonjwa wa kundi hili la mwisho ni wengi miongoni mwa wanaofanyiwa upasuaji wa uzito. Baadhi yao hutumia mashine ya presha mbili, na hiyo ina utaratibu wake.

*Mwili unaobadilika.* Hapa ndipo inapong'ara. Mwezi huu usiku wako unahitaji 13, baada ya miezi mitatu unahitaji 9, na mashine inafuata yenyewe bila wewe kurudi kliniki kila mara. Lakini ukiiacha wazi kutoka 4 hadi 20 unaweza kujisikia huna hewa mwanzoni mwa usiku, au presha ikaruka juu barakoa inapovuja. Mwombe daktari apunguze upana wa viwango hivyo kwa kutazama kumbukumbu za mashine.

*Gharama na umeme.* Kama mashine yako ina uwezo huo, hugharamii kitu. Mashine nyingi za karibuni zinao, umefungwa tu kwenye mpangilio. Uliza kabla ya kununua nyingine.

Wanaoletewa mashine na ndugu walioko Uingereza, Marekani au Ghuba waangalie mambo mawili. Kwanza, maandishi nyuma ya adapta: yakisomeka 100–240V, itafanya kazi kwa umeme wetu, utahitaji tu plagi inayofaa. Pili, aina ya mashine. Juni 2021 Philips walitangaza kurejeshwa kwa mamilioni ya mashine zilizotengenezwa kabla ya tarehe 26 Aprili 2021, zikiwemo DreamStation za kwanza, kwa sababu sponji ya ndani ya kuzuia kelele inaweza kumomonyoka na kuvutwa na mgonjwa. Mashine iliyotumika ikija bila namba ya utambulisho inayosomeka, au muuzaji hataki uikague, iache.

*Ufuatiliaji.* Soma kumbukumbu za mashine walau kila mwezi: presha inayotumika usiku mwingi, kiasi cha kuvuja, saa za matumizi. Presha ikiwa inashuka mwezi hadi mwezi, hiyo ni habari njema, na ni sababu nzuri ya kwenda kupimwa.

*Inamfaa* anayepungua kwa kasi, aliye mbali na hospitali yenye maabara ya usingizi, na aliyeshindwa kuvumilia presha ya zamani. Kwa ule mwaka wa kwanza ambao mwili haujatulia, mimi naegemea huku kwa wagonjwa wengi wa apnia ya kawaida. Uzito ukishatulia, hoja yangu hiyo inapungua nguvu.

Njia ya tatu: kifaa cha mdomoni na kulala ubavu

*Ulinzi wa pumzi.* Kifaa cha mdomoni huvaliwa menoni na kusogeza taya la chini mbele ili ulimi usirudi kuziba koo. Kinashusha AHI kwa kiwango kidogo kuliko CPAP, ila wengi hukivaa saa nyingi zaidi kwa usiku, na hilo lina uzito wake. Mahali pake ni apnia ndogo na ya kati. Kulala ubavu kunamsaidia yule ambaye kipimo kimeonyesha matukio yake mengi hutokea akiwa chali. Wengine hushona mfuko mgongoni mwa fulana na kutia mpira, wasiweze kulala chali. Bila kipimo hicho, kulala ubavu ni kubahatisha.

*Mwili unaobadilika.* Kifaa hakijali kilo zikishuka, ila kinajali meno. Kinahitaji meno ya kutosha yenye afya, na kwa miaka kinaweza kubadilisha jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana.

*Gharama na umeme.* Hakuna umeme, na hili peke yake linawavuta wengi wanaoishi na mgao au wanaosafiri sana. Kinachotengenezwa na daktari wa meno kwa vipimo vya mdomo wako ni ghali kuliko kile cha kuchemsha na kung'ata, lakini ndicho kinachoweza kurekebishwa milimita kwa milimita.

*Ufuatiliaji.* Upimwe usingizi ukiwa umekivaa. Kukoroma kuisha hakutoshi.

*Inamfaa* aliyepimwa uzito ukiwa umetulia akabaki na apnia ndogo au ya kati, na amechoka kweli na barakoa.

Njia ya nne: kuacha kabisa

*Ulinzi wa pumzi.* Kama umepimwa bila mashine na AHI iko chini ya 5, na husinzii mchana, umefika ulikokuwa unakwenda. Wako wanaofika, hasa waliokuwa na apnia ndogo au ya kati, wenye umri mdogo, na waliopungua sana.

Asiyepimwa ndiye anayenitia wasiwasi. Kukoroma kunaweza kuisha huku pumzi bado zinakatika kimyakimya. Usinzi wa mchana nao hupungua kwa sababu nyingine: unakula vizuri, unatembea, huna tena mzigo wa kilo 40. Apnia iliyobaki inaendelea kupandisha presha ya damu na kusumbua moyo bila kukuamsha.

*Kipimo chenyewe.* Subiri uzito utulie, kwa wengi kati ya miezi 6 na 12 au zaidi kidogo. Ukipima wiki ya sita unapima mwili ambao mwezi ujao hautakuwepo. Kipimo kinaweza kufanyika katika maabara ya usingizi au kwa kifaa cha nyumbani chenye mkanda wa kifua, mrija wa puani na klipu ya kidoleni. Klipu ya kupima oksijeni peke yake haitoshi kukutangazia uzima. Muulize daktari ulale usiku ngapi bila mashine kabla ya kupimwa: koo lililotulizwa na CPAP kwa miaka linaweza kuonekana zima kuliko lilivyo usiku ule wa kwanza. Katika siku hizo usiendeshe gari ukiwa na usingizi. Na hakikisha umelala chali kwa muda fulani usiku wa kipimo, maana matokeo ya aliyelala ubavu usiku kucha yanaweza kudanganya.

*Mwili unaobadilika.* Huu ndio udhaifu wa njia hii. Katika utafiti mrefu wa Sweden uitwao SOS, waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepungua asilimia 32 ya uzito walipofikia kilele ndani ya mwaka mmoja au miwili. Baada ya miaka 10 walibaki wamepungua asilimia 25. Bado ni mafanikio, lakini sehemu ya uzito ilirudi. Utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000 ulikadiria kwamba uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, AHI hupanda kwa karibu asilimia 32. Pombe nayo huingia damuni haraka zaidi baada ya baipasi, na pombe hulegeza koo. Vivyo hivyo vidonge vya usingizi.

*Gharama na ufuatiliaji.* Gharama za kila mwezi zinaisha, inabaki ya kipimo. Jipime uzito kila mwezi na umwombe anayelala nawe akuambie ukianza tena kukoroma au kukata pumzi. Mashine usiiuze mwaka wa kwanza: isafishe, ikauke kabisa, uifunge pakavu.

*Inamfaa* aliyepimwa akaonekana salama, na aliye tayari kurudi kupimwa.

Kwa hali yako

Kama upasuaji bado haujafanyika, tumia mashine kila usiku kuanzia sasa, na mwambie daktari wa usingizi wa upasuaji kwamba una apnia kabla ya siku ya kuingia thieta.

Kama una chini ya miezi mitatu tangu upasuaji, usiache. Barakoa ikivuja au tumbo likijaa hewa, piga simu kliniki presha ishushwe au ihamishiwe kwenye oto.

Kama una miezi sita au zaidi, uzito haujasogea kwa miezi miwili mitatu, na ulianza na AHI chini ya 30, omba kipimo cha bila mashine. Una nafasi nzuri ya kuiacha, au kuhamia kifaa cha mdomoni.

Kama ulianza na apnia kali, pima pia, ila ujiandae kwa jibu la kati: imepungua, haijaisha. Hapo chaguo ni presha ndogo kuliko ya mwanzo, ambayo wengi huivumilia kirahisi sana kuliko ile ya zamani, au kifaa cha mdomoni kama AHI na meno vinaruhusu.

Kama unaendesha basi, lori au bodaboda, au unafanya kazi na mitambo, usiache hata usiku mmoja bila ushauri wa daktari, na siku za kujiandaa na kipimo chukua likizo. Walioko Uingereza wakumbuke kwamba apnia ya kati au kali yenye usinzi lazima itaarifiwe kwa DVLA, mamlaka ya leseni za udereva.

Kama una kisukari, presha ya damu inayogoma kushuka kwa dawa, au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kaa na mashine mpaka kipimo kiseme vingine, na matokeo yasomwe na daktari anayekutibu maradhi hayo.

Kama umefanyiwa upasuaji na uzito umekwama juu, muulize daktari kuhusu dawa. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tirzepatide, dawa ya sindano ya kupunguza uzito, kwa apnia ya kati na kali kwa watu wazima wenye unene. Nayo pia inahitaji kipimo kabla ya kuacha mashine.

Na kama uliacha miaka miwili iliyopita, kilo zimeanza kurudi na asubuhi unaamka na kichwa kizito, itoe mashine kabatini, nunua barakoa na kichujio kipya, weka miadi ya kupimwa wiki hii, na uivae usiku huuhuu ukisubiri.